Oili ya Pikipiki ya Marehemu

Nilihamishiwa Kigoma kutoka Mbozi, nikiwa bibi shamba, kazi yangu kahawa. Nilikotoka kuna kahawa, na huko Kalinzi nilikopelekwa, juu milimani, kuna kahawa pia, kwa hiyo kazi yenyewe haikunisumbua. Kilichonisumbua ni joto la chini ziwani, na Kiha, ambacho wakulima walikirudia kila walipotaka kunisema nikiwa nimesimama hapo hapo mbele yao.

Wenzangu wengi wa ofisini walipanga mjini. Mimi nilipata chumba Ujiji, kwa mama mmoja mjane. Alikuwa rika la mama yangu mzazi, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na binti zake wote walikuwa wameshaolewa na kwenda mbali. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, baada ya kuugua kwa muda mrefu. Nyumba ilikuwa na ukumbi mrefu unaotoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba huku na huku, na katikati ya ukumbi, ikiwa imefunikwa kitenge, palikuwa na pikipiki.

Sikuuliza. Kwa miezi kadhaa niliipita nikienda kuoga, nikaipita nikirudi. Pikipiki ya ofisi niliyoambiwa itakuja ilikuwa bado haijafika, na mimi nilikuwa mtu wa mabasi yanayokwenda Manyovu: nashuka Kalinzi, natembea kwenye vijia vya migombani mpaka magoti yanalia, nachelewa basi la kurudi, napanda bodaboda.

Asubuhi moja mama alinikuta nafunga viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Utapanda mabasi mpaka lini?"

"Mpaka watakaponiletea pikipiki."

Akatazama ile iliyofunikwa kitenge. "Chukua hiyo ya mzee. Naona inaozea hapa, na kila ninayetaka kumuuzia roho inakataa. Wewe nitakuwa nakuona nayo."

Tulikubaliana bila mvutano. Sharti lake lilikuwa moja tu, nalo halikuniudhi: jioni pikipiki irudi kulala ukumbini, pale pale ilipozoea.

Nilimpelekea fundi mmoja wa Mwanga, pale mjini, kijana wa Kasulu mwenye maneno machache, ambaye wenzangu wote walimwamini. Aliiwasha, ikatoa moshi wa bluu mpaka muuza chapati wa jirani akafunika beseni lake. Aliifungua akakuta ringi zimeisha na silinda imekwanguka.

"Hii ilikuwa inakunywa oili kama chai," aliniambia. "Sijui mwenyewe aliwezaje kuitembelea."

Ikachongwa silinda, ikawekwa pistoni na ringi mpya. Nilipoirudisha Ujiji ilikuwa inaunguruma vizuri, sauti moja, bila moshi. Mama alitoka nje, akaisikiliza akiwa amekunja mikono kifuani, akaingia ndani. Nilidhani hakufurahi. Baadaye aliniletea sahani ya ugali wa muhogo na samaki, mgebuka wa nazi, nikajua amefurahi, ila hakutaka nimwone usoni.

Fundi alikuwa ameniambia jambo moja ambalo nalikumbuka vizuri. "Sasa hainywi tena, dada. Oili utabadilisha ikichoka. Hutaongeza."

Kwa muda tulikwenda vizuri. Nilipanda na kushuka Kalinzi kama mtu wa huko, nikazoea kona za barabara, nikazoea baridi ya juu na joto la chini. Kisha siku moja, nikiwa nimeegesha kwenye uwanja wa kikundi kimoja cha wakulima, mwenyekiti wao, mama mwenye mwili na kicheko kikubwa, aliinama chini ya injini.

"Bibi shamba, pikipiki yako inalia."

Kweli, tone jeusi lilikuwa linaning'inia chini ya injini. Likaanguka, likafuata jingine. Na nilikuwa nimeegesha kando ya vichanja vya kuanikia kahawa, hatua chache kutoka kwenye kahawa waliyoikoboa na kuiosha jana yake. Nilikuwa nimewaambia watu wale tena na tena kwamba kahawa inashika harufu: msiiweke karibu na petroli, msiisafirishe kwenye gunia lililobeba samaki, msiichume kwa mikono yenye mafuta ya taa. Na sasa suruali yangu ilikuwa na oili mpaka gotini.

"Wewe si ndiye uliyetuambia?" mwenyekiti akasema, na wenzake wakacheka, na yeye akanishika mkono tukaisukuma pikipiki pamoja hadi nyuma ya migomba. Tangu siku hiyo kila nilipofika nilionyeshwa migomba hiyo kabla sijasalimiwa.

Nilipoona oili inavuja, hofu yangu ilikuwa moja: itaisha, injini itanoki na kukwama mlimani. Kwa hiyo nilichomoa kijiti cha kupimia, nikaona kimelowa, nikaridhika. Namshukuru Mungu, oili ipo. Sikutazama kimelowa hadi wapi. Fundi naye nilipompelekea alifanya vile vile. Alichomoa, akaona ipo, akarudisha, akaanza kutafuta inapotokea. Sisi wote tulikuwa tunaogopa upungufu.

Kutafuta mahali oili inapotokea si kazi ndogo. Oili ikivuja haikai ilipotokea. Inateremka, upepo unaisukuma nyuma, vumbi linaishika, na mwisho injini nzima imechafuka, huwezi kusema jeraha liko wapi. Fundi aliiosha kwa sabuni na brashi, akaikausha, kisha akaninong'oneza kama anayeona haya: "Una poda, dada? Ya mtoto, ya kujipaka, yoyote." Nilimnunulia poda dukani. Akaipaka injini nyeupe yote kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, akaniambia niende hadi Mwandiga na kurudi, nisipite kwenye maji.

Nilipita njiani watu wakishangaa. Niliporudi tulichuchumaa wote wawili tukaangalia. Poda ilikuwa imebaki nyeupe sehemu kubwa, lakini juu, kwenye kiungo cha kifuniko cha silinda, mstari mweusi ulikuwa umeanza kushuka. Hiyo ilikuwa furaha kubwa. Gasketi. Akabadilisha gasketi, nikaondoka nikiwa nimepona.

Baada ya muda si mrefu oili ilitokea kwenye sili ya shafti ya gia, ile pete ya mpira inayozuia oili. Akabadilisha sili. Ikatokea upande wa pili, nyuma ya sproketi ya mbele, ikarusha oili kwenye mnyororo na kwenye kiatu changu. Akabadilisha na hiyo. Kila alipoziba, ilipata pengine. Moshi nao ukarudi, kidogo kidogo, wa bluu ule ule, na asubuhi pikipiki ikawa nzito kuwaka. Alipofungua plagi akaikuta nyeusi, imelowa.

Alikaa chini kwenye tairi kuukuu, akaishika ile plagi.

"Sili zote haziwezi kuchoka msimu mmoja," akasema. "Na ringi ni mpya, nimezitia kwa mkono wangu. Kuna kitu kinaisukuma hii oili itoke."

Akafungua kiboksi cha kuchujia hewa, wenyewe wanakiita ea klina. Sponji ya ndani, ambayo ilipaswa kuwa na vumbi tu, ilikuwa imelowa oili hadi inachuruzika. Akanigeukia haraka. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa kwa kitambaa, akairudisha pikipiki wima kwenye stendi ya kati, akasubiri oili itulie, akakiingiza tena bila kukikaza, akakitoa. Tukaangalia pamoja. Kwenye kijiti kuna alama mbili, ya chini na ya juu, na oili inatakiwa kukaa katikati yake. Yetu ilikuwa imeipita ya juu mbali kabisa, imekaribia kwenye kifuniko.

"Umeongeza oili?"

"Sijaongeza. Wewe uliniambia nisiongeze."

"Nani ameongeza?"

"Hakuna."

Akanieleza, akitumia vidole vyake kama krenki. Ndani ya injini krenki, ule mhimili unaosukumwa na pistoni, inazunguka kwa nguvu. Oili ikiwa kwa kipimo, inarushwa kidogo kidogo na kila kitu kinalainika. Oili ikizidi, krenki inaogelea ndani yake, inaipiga kama anayepiga mayai, inatoka povu, na presha inapanda. Presha ikipanda inatafuta njia. Kwanza inapita kwenye mpira wa kupumulia, ule unaokwenda kwenye ea klina, na huko oili inaingia kwenye kabureta na kuungua, ndio moshi. Ikizidi zaidi inasukuma gasketi, inasukuma sili. "Nimekubadilishia sili nzima bila sababu," akasema, uso umemshuka. Nilimwambia mimi pia nilikitazama kile kijiti kila asubuhi na sikukiona.

Tukamwaga oili yote kwenye beseni. Ilikuwa nyingi kuliko inavyotakiwa, na fundi aliinusa, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Alikuwa anawaza kwamba huenda sindano ya kabureta haifungi, petroli inashuka ndani ya injini pikipiki ikiwa imelala na kuifanya oili ionekane imepanda. Lakini haikunuka petroli, na ilikuwa nzito vizuri. Akatia oili mpya kwa kipimo, tukahakikisha wote kwa macho, akaniambia nifunge koki ya petroli kila jioni kwa tahadhari tu.

Kuvuja kukakoma. Moshi ukaisha. Nikarudi Kalinzi na kuegesha nyuma ya migomba kwa mazoea.

Halafu, polepole, vikaanza tena.

Sijivunii nilivyomkabili fundi siku hiyo. Sikumtukana, ila niliuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka kama alikosea kupima. Aliifuta mikono.

"Dada, tulipima wote. Oili haizai."

Maneno hayo nilirudi nayo Ujiji na kulala nayo. Haizai. Basi inatoka wapi?

Ulipokolea msimu wa kuchuma kahawa nilihamia Kalinzi kwa muda, nikakaa kwa familia ya mwenyekiti yule mwenye kicheko, kwa sababu asubuhi ya mchumo huanza mapema. Pikipiki ililala chini ya upenu wa jiko lao. Kila asubuhi nilikipima kijiti, nikiwa nimeiweka wima, nikiwa nimeisubiri, na kila asubuhi oili ilikuwa pale pale, haikupanda wala kushuka. Haikuvuja tone. Nilirudi Ujiji, ikalala ukumbini, na baada ya siku kadhaa ikaanza kupanda.

Hapo nilielewa kwamba jibu liko ndani ya nyumba, ingawa sikutaka kulielewa. Nyumbani tulikuwa watu wawili tu.

Asubuhi niliyoliona kwa macho, nilikuwa nimeamka mapema kwa ajili ya safari. Adhana ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wameshaanza kutoka msikitini. Nilisikia ndala zao nje. Nilifungua mlango wa chumba changu kidogo, nikamwona mama amechuchumaa ukumbini kando ya pikipiki, bado yuko na nguo zake za kusalia, simu yenye tochi ameiegemeza kwenye tairi. Mkononi ana finjani ya kunywea kahawa, imejaa oili. Alikuwa amefungua kijiti cha kupimia na kukiweka juu ya kitambaa safi. Akamimina kwa utaratibu, bila kumwaga hata tone, mkono wa mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. Akakirudisha kijiti, akakikaza, akapangusa pembeni. Kisha akaweka kiganja juu ya tangi, akasema kwa sauti ya chini, "Uende salama urudi salama."

Nilirudisha mlango taratibu nikakaa kitandani. Nilichelewa safari.

Ningemwambia nini? Siku nzima nilijaribu maneno. Kila nililolipata lilikuwa la kumwambia kwamba anaharibu kitu cha marehemu mumewe kwa mkono wake mwenyewe. Sikuliweza. Nikachagua njia ya mwoga: ofisini nilimwomba mwenzangu wa mifugo bomba lake kubwa la sindano, lile la kunyweshea ng'ombe dawa, nikalifunga mpira mwembamba mdomoni. Mama alipokuwa anakwenda sokoni nilikuwa naitoa pikipiki uani, naingiza mpira kwenye tundu la oili, navuta kiasi kilichozidi, nakimwaga kwenye chupa. Yeye anaongeza alfajiri, mimi napunguza baadaye. Pikipiki ikawa nzima. Hakuna tone, hakuna moshi. Fundi alishangaa, na mimi sikumwambia.

Nadhani tungeendelea hivyo muda mrefu. Lakini siku moja mama alikuta soko halina dagaa, akarudi mapema. Nilisikia kapu linawekwa chini. Nilipogeuka alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, anaangalia bomba la sindano mkononi mwangu, na chupa.

"Unafanya nini?"

"Nilikuwa napunguza oili, mama."

"Kumbe unaimwaga."

"Mama, ilizidi."

"Nimekuona unaimwaga," akasema tena, kana kwamba sikujibu. Akachukua kapu lake akaingia ndani, akafunga mlango wa chumba chake.

Siku hiyo hakuna sahani iliyokuja. Kesho yake nilimsalimia akaitikia "marahaba" bila "mwanangu". Nilipima oili, ilikuwa kwa kipimo, hakuongeza kitu, na badala ya kufurahi nilijisikia vibaya kuliko siku zote. Jioni nilibisha mlangoni kwake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilipaswa kukwambia."

Aliendelea na mchele wake kidogo. Kisha akausogeza ungo.

"Ulijua tangu lini?"

"Nilikuona alfajiri moja."

"Na hukusema."

"Sikujua nianzie wapi."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Kaa."

Ndipo akaniambia. Mumewe alikuwa anachukua dagaa kwa wavuvi mwaloni Katonga, anawapandisha Kalinzi na vijiji vya huko kwa pikipiki hiyo, anarudi na maharage na ndizi. Alikuwa mtu mwema lakini hakuwa mtu wa kuangalia chombo. Akiwasha ikiwaka, anaondoka. Pikipiki ilianza kunywa oili na yeye hakujali. Siku moja ya mvua oili iliisha akiwa mlimani, injini ikajam ghafla, akaanguka na mzigo wake kwenye mfereji. Hakuvunjika, ila walimleta usiku akiwa ametapakaa matope na damu, na mama, alipomwona mlangoni, alidhani wanamletea maiti.

"Nikasema, hili jambo sasa ni langu. Nikamuuliza fundi wa zamani, akanionyesha pa kutia. Kila nikimaliza kusali, finjani moja. Hakuwahi kuishiwa tena mpaka Mungu alipomchukua. Yeye hata hakujua. Alikuwa anawaambia watu pikipiki yake imara."

Akaokota chembe ya mchele mkekani. Nje mtu alikuwa anavuta baiskeli yenye mnyororo uliolegea.

"Ulipoanza kuitoa, na wewe unapanda njia ile ile, nikawa nasikia moyo hautulii. Siku za kwanza nilijizuia. Kisha alfajiri moja nikaona nimeshashika finjani. Lile dumu nililonunua enzi zake bado lilikuwa nusu. Mimi najua mzee hayupo, mwanangu. Usinione nimechanganyikiwa. Najua. Ila nikiitia oili, nalala mchana."

Nilimweleza, kwa namna ile ile fundi aliyonieleza mimi, kwa vidole. Kwamba ringi zile mbovu ndizo zilizokuwa zinaila finjani yake kila siku, na ndiyo maana ilifaa. Alikuwa anairudishia kiasi ilichokunywa, na bila yeye mumewe angeanguka mara nyingi. Kwamba sasa fundi ameweka mpya, hainywi, na finjani ile haina pa kwenda. Alisikiliza kwa makini. Kisha akauliza swali lililonishangaza.

"Kwa hiyo ile oili iliyokuchafulia suruali ni yangu?"

"Ndiyo mama."

"Na uliyokuwa unafua kila siku pale uani?"

"Ndiyo."

Akashika kinywa. Mabega yakaanza kutikisika na nikadhani analia, nikasogea. Alikuwa anacheka, sasa kicheko cha kweli, machozi yakimtoka, na mimi nikashikwa nacho, tukacheka wote wawili mpaka jirani akauliza kwa juu ya ukuta kuna nini. Kisha kwa kweli alilia kidogo, nami nikakaa naye mpaka ikaisha.

Kesho yake nilimwonyesha kupima. Pikipiki iwe wima. Iwashwe kidogo, izimwe, isubiriwe. Kijiti kipanguswe, kiingizwe bila kukazwa, kitolewe, kisomwe. Alama ya chini, alama ya juu. Macho yake hayakuona vizuri vitu vya karibu, kwa hiyo alikuwa anatoka nacho hadi uani kwenye mwanga, amekishika kwa vidole viwili mbali na nguo, anakunja uso.

"Katikati," anasema.

"Basi iko sawa."

"Nisitie hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Ikawa kazi yake, kila Ijumaa asubuhi. Aliifanya kwa uangalifu kuliko mimi, na mara moja ni yeye aliyegundua oili imekuwa nyeusi na nyepesi kabla sijagundua, akaniambia niipeleke kwa fundi. Fundi nilimsimulia kisa chote. Alitikisa kichwa muda mrefu, akasema yeye mama yake Kasulu anamwekea maji ya kunywa kwenye chupa mpaka leo kila akienda kumsalimia, kama mtoto wa shule. Sili alizonibadilishia bila sababu alikataa tuzizungumzie tena.

Miezi ikaenda. Ijumaa moja mama hakupima. Alikuwa na wageni wa harusi ya jirani, akasahau. Nilikipima mwenyewe kimya kimya na sikumkumbusha. Ijumaa iliyofuata alipima. Iliyofuata tena hakupima. Sikuuliza.

Siku nyingine, nikiwa nafunga mzigo, alikuja amevaa vizuri, baibui jipya, mkoba begani.

"Miaka yote hiyo," akasema, "sijawahi kufika huko juu alikokuwa anakwenda. Utanichukua?"

Nilimpakia nyuma, akanishika kiuno kwa nguvu kuanzia Ujiji hadi Mwandiga, na tulipoanza kupanda akawa anasoma kitu kwa sauti ya chini nyuma ya shingo yangu. Alisikia baridi, akasema hakujua Kigoma kuna baridi. Tulipofika Kalinzi nilimpitisha sokoni. Akasimama kwenye meza za dagaa, akawashika, akawanusa, akasema kwa sauti ambayo muuzaji alisikia kwamba hawa wamenyeshewa wakianikwa. Muuzaji, mwanamke wa makamo, akataka kukasirika. Kisha akamtazama vizuri.

"Mwakeye, mama. Wewe si wa Ujiji?"

Mama akaitikia salamu hiyo ya Kiha, akasema ndiyo, wa Ujiji. Akamtaja mumewe, kwamba alikuwa analeta dagaa hapa kwa pikipiki, mzee mrefu, anapenda kuimba akifungua mzigo. Yule mwanamke akaacha meza yake. Akawaita wenzake wawili kwa Kiha, wakaja, wakamzunguka, wakamshika mikono, wakampa pole kana kwamba msiba ulikuwa juzi. Walikuwa hawajui kwamba amefariki. Walidhani ameacha biashara. Mmoja alisema mzee yule alikuwa akiwaachia dagaa siku zilizokuwa mbaya na kusema watalipana wakionana. Mama alisikiliza. Mengi ya hayo hakuwahi kuambiwa nyumbani.

Nilimwacha hapo nikaenda kwa wakulima wangu. Niliporudi mchana nilimkuta amekaa nyuma ya meza ya dagaa kwenye kigoda, baibui amelikunja mapajani, anamweleza muuzaji namna ya kuanika dagaa kwenye mchanga msafi wa ufukweni ili wasiwe na uchungu. Mbele yake palikuwa na mkungu wa ndizi na kifuko cha maharage ambavyo sikujua tutavifungaje.

"Wanataka niwe nawaletea," akaniambia, kana kwamba anasimulia habari za mtu mwingine. "Nimewaambia nina miguu mibovu. Wamesema basi linapita."

Sasa siku za soko anapanda basi la Manyovu na ndoo zake mbili za dagaa wa Katonga, amezifunga kwa kitambaa cheupe, na mara nyingine tunakutana huko juu na kunywa chai pamoja. Analalamika baridi kila mara. Amefumisha sweta la zambarau.